Bata, Mwambie Baba

Nilipopiga simu hotelini kuuliza kama kuna ngazi, mama aliyepokea alinijibu bila kusita, "Hakuna ngazi kabisa, dada yangu. Karibuni." Nikamshukuru. Nilipokaribia kukata simu akaongeza, "Ni hizi mbili tatu tu za mlangoni."

Kwa mtu mwenye miguu inayomtii, ngazi mbili tatu si ngazi, ni sakafu iliyoinuka kidogo. Sikumlaumu. Nilimuuliza upana wa mlango wa bafu, kimo cha kitanda kutoka chini, na kama mchanga unaanzia mlangoni au mbele zaidi. Akacheka sana. Alisema tangu aanze kuendesha hoteli hajawahi kuulizwa kimo cha kitanda kwa simu, kisha akaniomba nisubiri akatafute futi. Hapo nikajua tutapatana.

Mimi ni mdadisi, na nadhani kiti changu cha magurudumu kimenizidishia tabia hiyo. Nilianguka kutoka kwenye mparachichi nikiwa mtoto, na tangu hapo kila mahali ninapokwenda lazima nipaulize kwanza. Nilisoma shule za bweni Dodoma, mbali na nyumbani, nikarudi Tukuyu nikiwa mtu mzima, nikafungua duka la dawa mtaa wa Msasani, pale pale mjini. Mengi ya kwetu nimejifunza ukubwani, kwa kuuliza. Kuuliza si ujinga, lakini yako mambo ambayo kila mtu anaamini unayajua tayari, kwa hiyo hakuna anayekumbuka kukwambia.

Safari ile aliipanga wifi yangu mkubwa, dada wa mume wangu, anayeishi Dar es Salaam. Wazazi wao wamezeeka Kawetele wakilima ndizi na chai. Siku ambazo ukungu haupo, kutoka baadhi ya vilima vyetu Ziwa Nyasa huonekana kwa mbali, mstari mweupe tu chini ya anga. Wifi aliona ni aibu wazee watazame maji maisha yao yote bila kulala ufukweni hata siku moja. Akachagua hoteli ndogo kule chini ziwani, akatualika wote: baba, mama, mume wangu na mimi.

Hilo la "wote" ndilo lililonitia wasiwasi, maana baba mkwe wangu na mimi hatujawahi kukaa mahali pamoja.

Kwa asiyejua desturi zetu, niseme hivi. Zamani mkamwana wa Kinyakyusa hakutakiwa kuonana na baba wa mumewe. Akisikia kikohozi chake njiani, alitoka njiani akajificha migombani mpaka mzee apite. Hakula naye, hakumtazama usoni, hakulitamka jina lake. Siku hizi wengi wameacha. Kanisani utawaona wakwe wamebanana benchi moja wakishirikiana kitabu cha nyimbo. Lakini baba mkwe wangu ni wa zamani. Hilo nililijua wakati wa posa na nikaona ni jambo la kuvutia, kama mtu anayesoma habari za nchi nyingine.

Nilichokuja kukiona baada ya ndoa kilikuwa tofauti kabisa. Kila tulipokwenda Kawetele, gari letu lilipoanza kupanda kilima, mzee aliondoka. Niliuona mgongo wake na kofia vikipotelea migombani kwa haraka. Mara moja nilikuta kikombe chake cha chai juu ya kigoda, mvuke bado unatoka. Sikuwahi kumkimbia, kwa sababu sikupata nafasi. Yeye ndiye aliyenikimbia. Na mama mkwe, ambaye ni rafiki yangu wa kweli, tunamenya ndizi pamoja tukicheka mpaka tunafuta machozi, alikichukua kile kikombe akakiingiza ndani kana kwamba ni kawaida.

Nikaumia. Nilijiambia kwamba mzee haogopi mkwe, anaogopa kiti. Mume wangu alikuwa ameomba kiwanja cha kujenga pale nyumbani, mgombani nyuma ya nyumba ya wazazi, na jibu likawa "Subirini." Masika yakapita, mengine yakaja, jibu likawa lile lile. Wifi, ambaye hafungi kinywa, aliniambia kwa simu, "Baba hataki watu waseme. Usimchukie, ndivyo wazee walivyo." Tangu siku hiyo kila "subirini" niliisikia kama "hapana".

Mume wangu alichoka. Kabla hatujashuka ziwani aliniambia kwamba tukirudi bila jibu, tunahamia Mbeya. Angepata kazi huko, nami ningefunga duka. Sikutaka Mbeya. Nilitaka Kawetele, na mvua yake na tope lake, na mama mkwe wangu akinipigia kelele kutoka jikoni kwake. Kwa hiyo nilishuka nikiwa na nia moja: kabla hatujapanda tena milima, nijue kama mzee yule amenikataa au la.

Joto la kule chini lilitupokea kama mlango wa jiko. Mama wa hoteli alikuwa mnene, mchangamfu, ana kanga kiunoni na futi shingoni, kunionyesha kwamba hakunidanganya. Zile ngazi za mlangoni alikuwa amezifunika kwa mbao. Mlango wa bafu ulikuwa mwembamba kuliko kiti changu, basi akaung'oa kabisa na kutundika kitenge mahali pake. Ndani ya bafu aliweka kiti cha plastiki, na godoro moja aliliondoa kitandani ili kimo kilingane na cha kiti changu. "Nimekaa nikajifanya wewe," aliniambia. "Nikagundua hata swichi ya taa nimeiweka kwa ajili ya twiga."

Kilichonishangaza zaidi ni njia. Mchanga ni adui yangu. Gurudumu huzama humo kama mwiko kwenye uji mzito. Mama yule alikuwa ameazima mbao kwa fundi wa mitumbwi akazipanga kuanzia barazani kwetu, zikapita jikoni, zikafika kwenye banda la kulia chakula, kisha zikaendelea hadi karibu kabisa na maji. Mwisho wake palikuwa pembamba. Upande mmoja kuna uzio wa matete, upande mwingine kidimbwi ambacho ziwa linakiacha likirudi nyuma, na humo bata wa hoteli walikuwa wakiogelea kama waliolipia.

Niliipita njia ile kwenda na kurudi mpaka mume wangu akaniuliza nimepoteza nini. Sikuwa nimepoteza kitu. Nilitaka kujua kwa nini maji yasiyo na chumvi yana mawimbi, usipa, wale dagaa wa ziwani, huanikwa muda gani, mchanga una joto gani nikiinama kuugusa. Kwenye njia yangu mwenyewe, bila mtu kunisukuma, nilikuwa mtalii kamili.

Mama mkwe naye alikuwa na utalii wake. Alishuka na mkungu mzima wa ndizi kutoka Kawetele, kwa sababu hakuamini kwamba mtu aliyelipia chakula hupewa cha kutosha. Asubuhi alifagia chumba chao na kufua shuka kabla mhudumu hajaamka, akasema hawezi kumwachia mtoto wa watu shuka alilolalia. Mama wa hoteli akalalamika, wakabishana, mwishowe wakaishia jikoni wakipika pamoja.

Lakini mzee hakuonekana. Wifi alikuwa amepanga meza moja kwa wote, kwa makusudi, kama anayefunga ndoa. "Leo mtakula pamoja, mambo ya kale yaishe," alisema. Tukakaa. Mbasa wa kuchoma akaja, wali wa Kyela ukaja unanukia, kiti cha mzee kikabaki wazi. Baadaye mama mkwe alimjazia sahani akampelekea barazani kwake. Wifi alisonya. Mume wangu alitazama chakula chake bila kula, na nilijua anafikiria Mbeya. Mimi nilimla yule samaki bila kusikia ladha yake. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na aibu, kana kwamba mimi ndiye niliyemfukuza mzee wa watu mezani.

Siku ya mwisho asubuhi wote walipanga kwenda kwa boti Ikombe, kijiji cha wanawake wanaofinyanga vyungu. Mama mkwe alitaka chungu chenye mdomo mpana. Mimi nilikataa, nilichoka kubebwa kama gunia la mahindi kila penye maji. Niliwasikia wakiondoka, nikasikia injini ya boti, nikajua hoteli ni yangu. Mama wa hoteli alikuwa amekwenda gulioni. Nikajifunga kitenge mabegani kwa ajili ya upepo wa asubuhi, nikashika njia yangu ya mbao kwenda kutazama maji.

Ambacho sikukijua ni kwamba baba mkwe wangu, mtu wa milimani, alifika ufukweni, akaiona boti inavyoyumba, akasema haingii kwenye kitu kinachotikisika. Wakamwacha. Naye hakuwatazama waliomo botini, asije akaniona, na hakuna aliyemwambia nimebaki, akadhani nimekwenda na wengine. Kwa hiyo alikuwa akirudi chumbani kwake, taratibu, akipitia kwenye mbao ili mchanga usiingie viatuni.

Tulikutana pale pembamba, kati ya uzio na kidimbwi.

Niliona kofia, nikaona koti la kanisani, nikainamisha macho haraka kabla sijafika usoni. Yeye aligeuka. Nyuma yake mbao zilikuwa zimekwisha, mbele yake mimi. Basi mzee yule, na viatu vyake vilivyong'arishwa, akaingia kidimbwini. Bata walipiga kelele wakatawanyika. Akasimama maji yakimfika katikati ya miundi, akanipa mgongo, akitazama ziwa.

Nilishikwa na woga. Desturi inasema mimi ndiye wa kuondoka, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na nafasi ya kuifuata. Nikarudisha magurudumu nyuma kwa nguvu, bila kutazama. Gurudumu la kulia likatoka kwenye mbao, likazama mchangani, kiti kikainama, nami nikajikuta nimeegemea uzio wa matete kama nguo iliyoanikwa.

Hapakuwa na mtu wa kuita. Mzee alikohoa. Akakohoa tena. Kisha akasema, akimtazama bata mmoja aliyebaki karibu naye:

"Wewe bata. Huyo mama ameumia?"

Alisema kwa Kiswahili, chenye matamshi yetu ya milimani. Sijui kwa nini hakutumia Kinyakyusa. Labda aliona bata wa hoteli hukaa na wageni. Mimi nilichukua muda kuelewa kwamba nimesemeshwa. Kisha nikakumbuka kusikia, mahali fulani, kwamba wakwe wakibanwa sana hupitishia maneno kwa kitu kingine.

"Bata," nikasema, "mwambie baba sijaumia. Gurudumu ndilo limezama."

"Bata, mwambie asitikisike. Akitikisika litazidi kushuka. Ubao upo?"

"Mwambie upo mmoja umelegea, kushoto."

Alitoka majini. Sikuinua macho, lakini nilimsikia akiung'oa ubao. Kisha nikaona jambo ambalo sitalisahau: mzee alikuwa anakuja kwangu kinyumenyume. Aliushika ubao mgongoni kwa mikono miwili, akipapasa mchanga kwa visigino, kofia ikitazama ziwa.

"Bata, mwambie baba aende kulia."

Akaenda kushoto.

"Bata, kulia kwake ndiko kulia kwangu!"

"Bata, mwambie huyu mama aseme upande mmoja tu, tusigombane."

Nilianza kucheka na nikashindwa kujizuia. Mabega yake nayo yalitikisika, sijui kwa kicheko au kwa uzito. Alichuchumaa, bado amenipa mgongo, akausukuma ubao nyuma yake mpaka ukagusa gurudumu. Hapo ndipo nilipoiona mikono yake kwa karibu. Ni mikono iliyochuma chai miaka mingi, vidole vimepinda kwa ndani, na dole gumba pana, fupi, ni lile lile la mume wangu. Nililitazama kwa uroho. Nimeishi na dole lile bila kujua lilikotoka.

Alikanyaga ubao kwa uzito wake wote, nami nikasukuma. Kiti kikapanda. Nikakaa sawa juu ya mbao, napumua kama niliyepanda Mlima Rungwe. Yeye alikuwa amekwisha kurudi kidimbwini, mgongo kwangu, akingoja niende zangu.

Niliweza kuondoka. Lakini jioni ile tulikuwa tunarudi, na Mbeya ilikuwa inanisubiri.

"Bata," nikasema, "muulize baba kwa nini ananikimbia kila nikifika kwake. Ni kwa sababu ya kiti?"

Alivua kofia, akaivaa tena.

"Bata, huyu hajui?"

"Mwambie sijui. Nimekulia mbali."

"Mwambie hivi. Njia hupishwa na mkamwana. Ndivyo ilivyo. Lakini huyu baiskeli yake haiingii mgombani. Sasa nani apishe? Napisha mimi. Wazee wenzangu wananicheka. Wanasema, mwanaume mzima anamkimbia mke wa mwanawe. Nimewaambia wacheke. Nikikaa pale pale nikinywa chai, ni kama namwambia yeye si mkwe, ni mgeni tu. Mgeni hakimbiwi."

Niliweka mkono mdomoni. Ile chai iliyoachwa na mvuke wake, ile kofia iliyopotelea migombani, miaka yote nilikuwa nimezisoma juu chini. Nililia, nasema wazi, nililia mbele ya bata.

"Bata," nikasema nilipoweza, "na kiwanja? Tumesubiri sana."

"Kiwanja alichoomba mwanangu ni kibaya," alisema, na sasa alikuwa na hasira kidogo, hasira ya mkulima. "Kiko nyuma ya nyumba yangu. Huyu akitoka, lazima akatize uani kwangu. Akiingia, uani kwangu. Leo nakimbia. Siku magoti yakikataa, je? Nitakaa uani na yeye atafungiwa ndani kama kuku, mpaka nife. Mimi nataka kile cha balabalani. Ni cha jirani. Tunabadilishana, ngoja avune viazi vyake. Pale atakuwa na njia yake mwenyewe mpaka mlangoni, na mimi nitakaa kwangu, tutasikiana tu."

"Muulize, mbona hakumwambia mwanawe?"

"Jambo halijaiva, unamwambia mtoto ili iweje? Likivunjika nionekane mwongo?" Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Mwambie sasa limeiva. Jirani ameniambia ndiyo Jumapili iliyopita."

Bata alikuwa amekwisha kwenda zake zamani. Tulikuwa tunaongea na maji matupu, na hakuna aliyelitaja hilo.

Mzee alibaki amesimama. Upepo wa asubuhi ulikuwa baridi kwa mtu aliyelowa, na niliona suruali yake ikimng'ang'ania miguuni. Chumba chake kilikuwa nyuma yangu. Njia ilikuwa moja tu, na mimi nilikuwa juu yake. Angekaa kidimbwini mpaka nirudi chumbani kwangu, na kwa mwendo wangu wa kinyumenyume, na hofu ya kuzama tena, asingekauka leo.

Ningeweza kumwomba apite tu. Kwa jinsi alivyochoka huenda angekubali, nami ningeuona huo uso. Nilitaka kuuona, Mungu anajua. Nilitaka kujua kama pua nayo ni ya mume wangu, kama ana makunyanzi ya kucheka au ya kununa. Udadisi ulikuwa unanichoma kama pilipili.

Nikakisogeza kiti mpaka gurudumu likagusa matete, nafasi ya mtu mmoja ikabaki pembeni. Nikakitoa kitenge mabegani, nikakiweka kichwani, nikakishusha mpaka kidevuni, nikageuzia uso kwenye uzio. Ndani ya kitenge palikuwa giza na harufu ya sabuni.

"Baba," nikasema, kwa sababu bata hakuwepo tena, "nimepisha njia."

Nilisikia maji yakitingishika, kisha mbao zikilia chini ya uzito wake. Viatu vilivyojaa maji vilipita kando ya gurudumu langu bila haraka yoyote, hatua baada ya hatua, mpaka barazani. Tangu niolewe, ilikuwa mara ya kwanza kumsikia baba mkwe wangu akitembea.